Vitu vya Kabatini vya Kujitengenezea Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mpe mgeni kijiko cha samli ya nyumbani, atauliza umeifanyaje. Kabla hujamaliza kumjibu atauliza inakaa muda gani. Hapa tumekusanya maswali ya namna hiyo kuhusu samli, mtindi, siagi ya karanga, viungo, nazi, achari na nyanya. Mapishi yamo ndani ya majibu. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, tumekuelekeza huko.

## Kabla ya kuanza

Kweli inalipa, au ni kujichosha tu?

Inategemea kitu chenyewe. Siagi ya karanga, viungo vya pilau, samli na mtindi vinalipa karibu kila mahali: kazi ni ndogo na unajua ulichotia. Bizari iliyokwisha kusagwa huwezi kujua imechanganywa na nini. Ukinunua nzima na kusaga mwenyewe, hilo limekwisha.

Nyanya zinalipa msimu zinapokuwa bwerere na tenga linauzwa bei ya kutupa. Nje ya msimu nunua kopo, usijitese. Mafuta ya nazi yanalipa kwa mtu wa Mafia, Tanga au Kilifi. Aliye Mwanza, ambako nazi imefika kwa lori, atafanya kwa kupenda tu.

Nahitaji vifaa gani?

Blenda ya kawaida, sufuria nzito, chujio, kitambaa safi cha pamba na chupa za kioo zenye mifuniko. Kinu na mchi bado vinashinda blenda kwa viungo vichache.

Angalia sufuria. Nyingi za majikoni mwetu ni za alumini, na alumini haipatani na vitu vichachu. Ukwaju, ndimu, nyanya na siki huila, chakula kikapata ladha ya chuma na rangi ya kijivu. Kwa vitu hivyo tumia sufuria ya stili, ya enameli au chungu.

Kwa nini kimoja kinakaa miezi na kingine kinaoza kesho yake?

Maji. Ukungu na bakteria vinahitaji maji ili viishi, na karibu kila kitu kilicho kabatini kimepatikana kwa kuyashughulikia. Samli imechemshwa mpaka maji yakaisha. Viungo na unga vimekaushwa. Achari ina maji, lakini chumvi imeyashika na uchachu umeyafanya yasikalike. Tui la nazi halijafanyiwa lolote kati ya hayo, ndiyo maana ukilipika asubuhi bila friji, jioni limeshachacha.

Ukilishika hili, maswali mengi hapa chini utajijibu mwenyewe. Kijiko chenye unyevu kilichochovywa kwenye samli, chupa iliyofunikwa viungo vikiwa bado vya moto na mvuke ukaganda kwenye kifuniko, karanga zilizooshwa zikasagwa kabla hazijakauka: yote ni kosa lilelile.

Chupa nazisafishaje?

Osha kwa sabuni, suuza, panga kwenye sufuria ya maji baridi yaliyozifunika, chemsha dakika 10, kisha zigeuze juu ya kitambaa safi zikauke zenyewe. Kwa samli, siagi ya karanga na viungo zikauke kabisa. Usizifute kwa kanga ya jikoni, hata kama inaonekana safi.

## Samli, siagi na mtindi

Samli inatengenezwaje kutoka siagi ya dukani?

Weka siagi isiyo na chumvi, tuseme gramu 500, kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Itayeyuka, itoe povu jeupe, halafu ianze kuchemka kwa kelele. Kelele hizo ni maji yanayotoka. Usifunike na usiongeze moto kwa haraka.

Baada ya dakika 15 hadi 20 sauti inabadilika: mtokoto mkubwa unanyamaza, vinabaki vipovu vidogo vinavyopasuka polepole. Sogeza povu kwa kijiko utazame chini. Utaona punje za maziwa zimezama na zinaanza kuwa kahawia, mafuta juu yake yamekuwa angavu, na nyumba nzima inanukia. Epua hapohapo, maana dakika mbili zaidi zinatosha kuziunguza. Acha ipoe kidogo, chuja kwa kitambaa, mimina kwenye chupa kavu, na ufunike ikishapoa.

Siagi ina mafuta asilimia 80 hivi na maji asilimia 16 hivi, kwa hiyo gramu 500 zitakupa karibu gramu 400 za samli. Usifikiri umeibiwa.

Naweza kutumia majarini ya kopo?

Hapana. Tumezoea kuiita siagi kwa sababu tunaipaka kwenye mkate, lakini ni mafuta ya mimea yaliyochanganywa na maji. Ukiichemsha utapata mafuta ya kupikia ya bei ghali.

Na kutoka maziwa ya ng'ombe moja kwa moja?

Inawezekana, ila inataka subira. Chemsha maziwa, yapoe bila kufunikwa kabisa, weka kwenye friji, asubuhi engua malai yaliyoganda juu. Yakusanye kwenye bakuli ndani ya friza siku kadhaa. Yakitosha, yaache yalainike, tia kijiko cha mtindi, yalaze usiku mmoja, kisha yasuke kwenye chupa kubwa au blenda mpaka siagi ijitenge na maji meupe. Ioshe kwa maji baridi, kisha fuata jibu la samli hapo juu.

Piga hesabu kwanza. Lita 10 za maziwa yenye mafuta asilimia 4 zina mafuta gramu 400 hivi, nawe kwa kuengua hutayapata yote. Maziwa ya pakiti mengi hayafai kabisa, kwa sababu kiwandani mafuta yake yamevunjwavunjwa yasielee.

Samli yangu ina chembechembe. Imeharibika?

Hapana. Ikipoa polepole huganda kwa chembe, na wazee wengi huipenda hivyo. Iliyoharibika utaijua kwa harufu kali ya mafuta ya zamani, au ukungu, ambao huja pale maji yalipoingia. Ikiwa kavu na imefunikwa vizuri, hukaa kabatini miezi kadhaa bila friji.

Mtindi wangu haugandi. Nakosea wapi?

Mara nyingi ni moto. Chemsha lita 1 ya maziwa, yaache yapoe mpaka uweze kuzamisha kidole na kuhesabu hadi 10 bila kukitoa. Yakiwa ya moto zaidi unawaua bakteria wanaogandisha mtindi, yakiwa baridi hawafanyi kazi. Koroga vijiko 2 vya mtindi wa asili, usio na sukari wala vanila, funika, viringisha kwa blanketi au tia ndani ya hotpoti, uache saa 6 hadi 10. Usiutikise njiani kuona kama umeganda. Dar es Salaam mezani panatosha. Njombe au Limuru mwezi wa saba, hotpoti si anasa.

Usiache kuchemsha maziwa mabichi kwa kuwa bibi hakuchemsha. Ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, brusela, humwingia mtu kwa njia hiyohiyo, na homa yake ni ya muda mrefu.

## Karanga na unga

Siagi ya karanga inahitaji nini zaidi ya karanga?

Chumvi kidogo, basi. Kaanga kilo 1 ya karanga zilizobanguliwa kwa moto mdogo, ukigeuza bila kuacha, mpaka ganda jembamba lianze kupasuka na ndani ziwe na rangi ya biskuti. Zikipoa zifikiche, pepeta kwenye ungo, chagua.

Saga kidogokidogo. Kwanza utapata unga, kisha donge zito linaloganda pembeni mwa blenda, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kutia maji. Usitie! Zima, kwangua, pumzisha mashine ipoe, endelea. Ghafla donge linalegea na kung'aa, kwa sababu mafuta ya karanga yenyewe yametoka. Blenda ikiwa dhaifu kabisa, kijiko 1 au 2 vya mafuta ya kupikia vitaisaidia. Maji yataigeuza siagi yako kuwa chakula cha siku mbili.

Mafuta yamepanda juu. Kwa nini ya dukani haifanyi hivyo?

Nyingi za viwandani hutiwa mafuta yaliyogandishwa ili zishikane. Ya kwako ikoroge tu, au igeuze chupa juu chini usiku kucha.

Karanga zilikuwa na ukungu kidogo, nikazichagua mbaya nikazitupa. Zilizobaki zikikaangwa si ziko salama?

Hapana, na hapa hatubembelezi mtu. Ukungu wa karanga na mahindi unaweza kutoa sumukuvu, sumu ambayo haina rangi wala harufu, inayoshambulia ini, na ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Mwaka 2016 ilikuja zamu ya Dodoma na Manyara, nako watu wakafa.

Nunua karanga kavu, zinazovunjika kwa sauti. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu ziondoe. Fungu likiwa na nyingi za namna hiyo, litupe lote. Usiwape hata kuku, maana nao hudhurika.

Dona ya nyumbani inachacha upesi kuliko sembe. Mashine ina shida?

Mashine haina kosa. Dona imesagwa pamoja na kiini cha punje, na kiini ndicho chenye mafuta, nayo mafuta yakikutana na hewa yanachacha. Sembe imekobolewa, kwa hiyo imepoteza mafuta hayo pamoja na sehemu kubwa ya virutubisho. Saga dona ya wiki mbili au tatu, usisage gunia.

Unga wa lishe nichanganye nafaka ngapi?

Chache. Kuna mashindano ya kuchanganya vitu 10 au 12 kwenye mfuko mmoja, na mtoto akipata tumbo hujui amekataa kipi. Nafaka 1 au 2 na jamii ya kunde 1 zinatosha. Karanga ni bora uzisage pembeni na kuzitia kwenye uji wakati wa kupika, kwa sababu ya mafuta (tazama dona) na kwa sababu ya ukungu. Soya lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Ikiwa mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kuyeyusha protini.

## Viungo

Viungo vya pilau nichanganye kwa kipimo gani?

Kila nyumba na mkono wake. Pa kuanzia: vijiko 4 vya chakula vya binzari nyembamba, 1 cha pilipili manga, 1 cha iliki, nusu kijiko cha karafuu na vijiti 2 vya mdalasini vya urefu wa kidole. Karafuu za Pemba zikiwa mpya zina nguvu, kwa hiyo punguza kwanza, utaongeza safari ijayo. Anayetia kungumanga akwangue kidogo tu.

Kaanga bila mafuta, moto mdogo, dakika 2 hadi 3. Lengo ni kutoa unyevu na kuamsha harufu. Moshi ukitokea umechelewa, na hakuna cha kuokoa uchungu huo. Vipoe kabisa kabla ya kusaga, na unga upoe tena kabla ya kufunikwa, maana blenda nayo huupasha.

Na bizari ya mchuzi?

Giligilani ndiyo iwe nyingi, kisha binzari nyembamba, manjano, pilipili manga, na uwatu kidogo sana kwa kuwa ni mchungu. Kaanga na saga kama hapo juu. Manjano ya unga usiyakaange, yatie mwisho.

Vinakaa muda gani?

Vizima, mwaka mzima kwenye chupa mbali na jua. Vilivyosagwa havitakudhuru vikizeeka, ila baada ya miezi 3 unapikia vumbi. Ndiyo maana rafu nzuri ya viungo juu ya jiko la gesi ni pambo tu: joto na mvuke wa sufuria vinavimaliza.

## Nazi

Tui la kuhifadhi linawezekana?

Kwenye friza, ndiyo. Ikune nazi, kamua tui zito kwa maji ya uvuguvugu, gandisha kwenye trei ya barafu, kisha hamishia vipande kwenye mfuko. Likiyeyuka litajitenga maji na mafuta. Likoroge likianza kupata moto. Kwenye friji ya kawaida usiliweke zaidi ya siku 2. Tui jepesi wala usihangaike kulihifadhi, pikia maharage siku hiyohiyo.

Mafuta ya nazi?

Tumia nazi zilizokomaa kweli, koroma haina mafuta ya kutosha. Kamua tui zito, liache kwenye chombo usiku kucha, asubuhi engua krimu iliyoelea na umwage maji ya chini. Pika krimu kwa moto mdogo ukikoroga mpaka maji yaishe, punje zizame zikiwa kahawia, na mafuta yabaki angavu. Dalili zake ni zilezile za samli, kwa hiyo sikiliza sufuria. Lita 1 hutaka nazi 10 hadi 15, kutegemea ukubwa wake. Punje zilizobaki wape watoto na sukari kidogo, hawatakuuliza maswali.

Niko Arusha na mafuta yangu yamekuwa meupe kama mshumaa. Nimeuziwa mafuta mabaya?

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Dar yatabaki maji karibu mwaka mzima, Arusha yataganda asubuhi, London yatakuwa jiwe. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu.

## Achari, nyanya na vitu vichachu

Achari ya ndimu huiva baada ya muda gani?

Wiki 2 hadi 3 kwenye jua. Osha ndimu, zikaushe, zichane nne bila kuzitenganisha chini, zishindilie chumvi, zipange kwenye chupa na kuongeza maji ya ndimu mpaka zifunikwe. Anika mchana, ingiza ndani usiku, tikisa kila siku. Ganda likiwa laini na la kahawia, tia pilipili. Chumvi usiionee huruma, ndiyo mlinzi.

Kwa achari ya embe, kata embe mbichi, zipake chumvi na manjano, zianike siku nzima kabla ya kuzitia pilipili, uwatu, siki na mafuta. Asiyeanika hupata mchuzi wa embe. Mafuta yafunike vipande vyote, na kifuniko kiwe cha plastiki, au weka karatasi ngumu katikati, maana chumvi inakula bati.

Kuna utando mweupe juu. Nitupe?

Utando mwembamba, laini, usio na manyoya, mara nyingi ni hamira ya hewani tu: uondoe, futa mdomo wa chupa, hakikisha vipande vimezama. Wenye manyoya, au wa rangi ya kijani, nyeusi au waridi, ni ukungu. Tupa yote.

Kitunguu saumu ndani ya mafuta kikae kabatini?

Kamwe. Kitunguu saumu hakina uchachu, nayo mafuta yanazuia hewa, na hapo ndipo bakteria wa botulini hutengeneza sumu yao ya kupoozesha mishipa bila kubadilisha harufu wala ladha. Kiweke kwenye friji, kiishe ndani ya siku 4. Njia bora: saga kitunguu saumu na tangawizi, gandisha kama tui.

Nyanya nizitie chupa au friza?

Ukiwa na friza, gandisha. Zipike mpaka ziwe nzito, zipoe, zitie kwenye mifuko bapa.

Kwa chupa, uchachu wa nyanya haukai sawa: aina nyingine ziko karibu mno na kiwango ambacho botulini huweza kuota. Tia vijiko 2 vya chakula vya maji ya limau ya chupa kwa kila lita, mimina ikiwa ya moto, funika, zamisha chupa kabisa kwenye maji yanayochemka dakika 45. Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo ongeza dakika 10. Maharage, nyama na mboga za majani usizitie chupa kwa njia hii hata ukichemsha kutwa.

Siki ya maganda ya nanasi inafaa kwa achari?

Kwa kachumbari na mchuzi inafaa sana. Maganda yaliyooshwa, maji, sukari kikombe nusu kwa lita 1, kitambaa juu ya mdomo wa chupa. Chuja baada ya wiki 1, subiri wiki nyingine 3 au 4. Kwa kuhifadhia usiitegemee, kwa sababu hujui ukali wake. Achari inataka siki ya asilimia 5, iliyoandikwa kwenye chupa.

## Mengineyo

Umeme ukikatika, vya friza vinakuwaje?

Friza iliyojaa, ikiachwa imefungwa, hushika baridi siku 2 hivi. Iliyo nusu, siku 1. Kila anayefungua "kuangalia tu" anapunguza muda huo. Tui lililoyeyuka lakini bado lina barafu lipike leo. Lililofikia joto la chumba usilirudishe.

Majirani wanataka kununua. Nianze kuuza?

Anza na viungo vikavu. Siagi ya karanga iache mpaka uweze kupima sumukuvu, macho hayatoshi. Tanzania vyakula vya kufungashwa viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, na mjasiriamali mdogo hupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza. Kenya nenda KEBS, shirika la viwango la huko.

Nataka kumpelekea shangazi samli Ujerumani. Itapita?

Haitapita. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka nchi zetu kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, na samli ni ya maziwa hata ikiwa kavu namna gani. Mpelekee viungo vya pilau, vikiwa vizima, kwenye mfuko uliofungwa na kuandikwa. Samli aifanye hukohuko: siagi isiyo na chumvi ipo kila duka, na jibu lake liko juu.